Mkalimani wa Carrow

Simu ilimkuta Noreen Goitia amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo, akisugua mavi ya koyote kwa mswaki.

Yalikuwa mavi ya mpira, yamefinyangwa kwa ufundi hata manyoya na vijifupa alivyokula mbwa mwitu huyo vikaonekana ndani yake. Yalikuwa yamerudi kutoka shule moja ya mji wa migodi, ambako mtoto mmoja aliyapaka siagi ya karanga akayalamba mbele ya wenzake, apate kuona nani atatapika kwanza. Noreen hakukasirika. Sanduku la Mavi lilipendwa kuliko masanduku yote ya kufundishia ambayo kituo kiliazimisha shule, na mwalimu aliyeliazima alijua kuwa wiki hiyo hakuna mtoto atakayesinzia darasani.

"Bi Goitia? Naitwa Trent, napiga kutoka makao makuu," ilisema sauti ya kijana. "Tunapitia nafasi za kazi za vituo vyote vya wageni. Hapa kwako imeandikwa mkalimani."

"Ndiyo."

"Wa lugha gani?"

Noreen aliyatazama mavi mkononi mwake. "Lugha gani vipi?"

"Unatafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani? Maana wageni wenu huko, naona, karibu wote wanajua Kiingereza."

Katika ofisi za ardhi za kule Nevada, mkalimani si mtu wa lugha. Ni yule anayesimama kati ya watu na ardhi ya umma: anawaambia wageni mlima huu ulitoka wapi, na kwa nini ndege yule anacheza ngoma alfajiri mbele ya majike. Cheo hicho kina umri mkubwa kuliko Noreen mwenyewe, na kila mtu ofisini anakijua. Kila mtu, isipokuwa inaonekana huyu Trent.

"Natafsiri ardhi, mwanangu," alisema Noreen.

"Ardhi."

"Ardhi, ndiyo."

"Kwenda wapi?"

"Kwa watoto. Na walimu wao."

Akasikia vidole vikigonga kompyuta, polepole, kama mtu anayeandika kitu asichokiamini.

Duane Pickerel, fundi wa kituo, alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa na masikio ameyasimamisha kama sungura. Simu ilipokatwa akashuka. "Ungemwambia Kikoyote, Mheshimiwa Mkalimani. Ukamlilia mfano kidogo. Angekupandisha cheo."

"Nyamaza, Duane."

"Au Kikondoo. Hicho si ndicho cha kwenu?"

Wote wawili walicheka, na kicheko hicho baadaye Noreen alikikumbuka kwa uchungu, maana majibu yalikuja kabla theluji haijaisha mlimani. Nafasi ya mkalimani imefutwa, kwa kuwa eneo halina uhitaji wa huduma za tafsiri. Na kwa kuwa kituo kisicho na mkalimani hakiruhusiwi kufungua mlango kwa wageni, Kituo cha Wageni cha Carrow kitafungwa masika hii. Lori litakuja kuchukua mali yote.

Duane aliisoma karatasi ile mara mbili. Alikwenda nje, akachukua reki, akaanza kusawazisha changarawe ambayo hakuna gari lingeikanyaga tena.

*

Kukosa kazi, Noreen alikuwa amekutarajia. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, na magoti yake yalishaanza kumwambia habari za hali ya hewa. Kilichomnyima usingizi ni sanduku la tatu.

La kwanza lilikuwa la mafuvu, la pili la mavi. La tatu liliitwa Sanduku la Vitambaa, na walimu wachache ndio walioijua thamani yake. Ndani yake mlikuwa na vitambaa sita vya pamba, kila kimoja kirefu kama shuka la mtoto, na juu yake maandishi ya samawati yaliyokwaruzwa kwa kalamu nene ya nta. Yalitoka kwenye miti ya aspeni ya Milima ya Sorrel, miti yenye gome jeupe na laini kama ngozi ya ngoma. Zamani, wachunga kondoo wa Kibaski, watu wa milima ya kaskazini mwa Hispania, walipokuwa wakipanda na mifugo majira ya joto, mtu akikaa miezi bila kuona uso wa mwenzake, alitoa kisu akauchanja mti. Jina lake. Kijiji chake ng'ambo ya bahari. Mwanamke, mara nyingi bila nguo. Tusi kwa tajiri wake. Jeraha la gome linavimba mwaka hadi mwaka na kuwa jeusi, na hata kamera nzuri huona makovu tu. Njia ya kuyasoma ni kuuzungushia mti kitambaa na kusugua nta juu yake. Maneno yanapanda yenyewe, kama mtu anayeamka.

Kitambaa kimoja kati ya vile sita kilikuwa cha baba yake.

Eusebio Goitia alikuja Nevada akiwa kijana asiyejua neno la Kiingereza, akapewa kondoo, mbwa, na mlima. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee wa kutembelea fimbo, Noreen alimpandisha kwenye pikapu ya ofisi hadi kwenye mti wake. Mzee alizishika pembe za kitambaa kwa mikono yote miwili, huku bintiye akisugua. Jina likatokea, mwaka ukatokea, na chini yake maneno ya Kibaski: Ni hemen. Zu non? Mimi niko hapa. Wewe uko wapi?

"Ulikuwa unamwuliza nani, baba?"

"Mbwa," alisema Eusebio. "Alikuwa ametoroka."

"Mbwa anajua kusoma?"

"Wa kwetu walijua."

Hakuweza kutolewa neno zaidi ya hapo. Mama yake Noreen alikutana naye miaka mitano baada ya tarehe ile, katika hoteli ya Wabaski pale mjini alikokuwa akiwapelekea wachunga kondoo supu na maharage, na hakuwahi kuipenda ile hadithi ya mbwa. Mzee akafa. Kisha moto wa kiangazi ukapita kwenye Milima ya Sorrel siku tatu, ukaacha bonde lote la aspeni likiwa vijiti vyeusi.

Sasa, kwa nini kitambaa cha baba yake kiwe ndani ya sanduku la serikali? Kwa sababu Noreen mwenyewe alikitia humo. Mpango wa masanduku ulipoanza, aliona mafuvu na mavi ya mpira hayatoshi; watoto wa wilaya ile, ambayo karibu ardhi yake yote ni ya umma, walihitaji kugusa kitu ambacho mtu alikiacha juu ya ardhi hiyo. Alikuwa na imani hiyo ya watu wa kazi yake, kwamba kilicho cha wote kiko salama kuliko kilicho cha mmoja. Akakishonea kibati chenye namba ya mali ya umma kwa mkono wake, akafurahi.

Na watoto waliofika kituoni, kila mmoja alipookota jiwe akaulizia kama anaweza kwenda nalo nyumbani, Noreen aliwapa jibu lilelile, mpaka walimu wakalijua kwa moyo: "Jiwe hili ni lako. Ndiyo maana huwezi kwenda nalo."

*

Alimpigia simu Trent. Hakupenda kuomba, lakini aliomba.

"Kuna hati kwamba ulikitoa kwa ofisi kama zawadi?" aliuliza Trent. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na mafua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefungafunga vitu vyake mwenyewe.

"Hakuna. Nilikitia tu."

"Kilitengenezwa lini? Siku ya kazi?"

"Jumanne."

"Kwa kitambaa chako?"

Noreen alikiri kuwa sivyo. Ilikuwa pamba ya ofisi, nta ya ofisi, na gari la ofisi.

"Basi ni mali ya umma, Bi Goitia. Vitakwenda ghala la makao makuu. Baada ya hapo kuna utaratibu wa kuviondoa."

"Kuviondoa kwenda wapi?"

"Kwa kweli mama, sijui. Na mimi ofisi yangu wanaifunga mwezi wa sita."

Duane alikuwa na ushauri mfupi. "Kiweke chini ya sweta, utoke nacho. Mimi nitakuwa naangalia ndege."

"Siwezi."

"Ni cha baba yako!"

"Nimewarudisha watoto wangapi mlimani kwenda kuweka jiwe mahali pake? Leo mimi nitoke na sweta limevimba?"

"Basi wee kaa na ulokole wako," alisema Duane, akaenda zake, akarudi. "Ila kuazima si kuiba, au vipi? Kitu kilichoazimwa kiko nje. Lori haliwezi kubeba kilicho nje."

Noreen alimtazama. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Duane hakuwahi kusema jambo la akili namna ile, na yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

Mwalimu anaazima sanduku. Kituo kinafungwa. Hakuna mtu wa kulidai, hakuna mlango wa kulirudishia. Sanduku linabaki pembeni ya darasa fulani mpaka watu wasahau lilitoka wapi, na siku moja mwanamke mzee anapita, anaomba kuona kitambaa. Haikuwa wizi. Ilikuwa ni usahaulifu tu, uliopangwa.

Tatizo likawa mwalimu. Shule za mjini zilikuwa zimehamia kwenye vioo vya kompyuta, na walimu waliomjua walikuwa wamestaafu au wamehamia kwenye joto. Alipiga simu huku na huku. Mmoja alimwambia kwa upole, "Bi Noreen, siku hizi mtoto akitaka fuvu analizungusha kwa kidole kwenye kioo." Aliyebaki alikuwa Kimball Ostler wa Quill Creek, shule ya chumba kimoja katikati ya ranchi, mwendo wa asubuhi nzima kwa barabara ya tope.

"Bi Noreen!" alipiga kelele Kimball kwenye simu. "Kwako sisemi hapana. Lete!"

Usiku ule, kabla ya kulifunga sanduku, Noreen alifanya jambo moja dogo. Ndani ya kifuniko palikuwa na karatasi ya maelekezo iliyofunikwa plastiki, aliyoiandika mwenyewe. Ilianza: Rudisha ndani ya wiki mbili. Aliibandua, akaikunja, akaitia kwenye droo. Mtu asiye na tarehe hawezi kuchelewa.

*

Quill Creek ilikuwa katika msimu wa kondoo kuzaa, na watoto wote walikuwa na tope mpaka magotini. Walikuwa saba, wa kila kimo. Noreen alikitundika kitambaa cha baba yake ubaoni kwa vibanio vya nguo, akawaacha wakitazame bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Alisema kazi ya mkalimani ni kujua lini anyamaze.

"Imeandikwa kwa Kihispania," alisema mvulana mmoja.

"Siyo, jinga wewe, mama yangu anajua Kihispania."

"Ni Kibaski," alisema Noreen, akawasomea. Mimi niko hapa. Wewe uko wapi?

"Tuko hapa!" walipiga kelele, kama walivyofanya watoto wa kila shule, kila mwaka, bila kuambiwa. Noreen aliisikia sauti ile ikigonga paa la bati, akaangalia pembeni kidogo.

Msichana mwenye meno yaliyopishana, jina lake Tansy, aliinua mkono. "Alikuwa anamwuliza nani?"

"Alisema mbwa wake. Alikuwa amepotea."

"Alirudi?"

Noreen alikuwa ameibeba hadithi ile miaka thelathini, na swali hilo hakuwahi kumwuliza baba yake. "Hakuniambia," alisema.

Tansy aliketi, uso umemshuka. Wadogo walikuwa wameshakivua kitambaa vibanio na kukilaza sakafuni, wakafuata herufi kwa vidole vyenye jamu, wengine wakatembea juu yake na mabuti. Kimball alitaka kuwafokea. "Waache," alisema Noreen. "Kilifanywa kishikwe."

Baadaye, nje, wakiegemea pikapu, Kimball alimmiminia kahawa. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini, masikio makubwa, mtoto wa ranchi ya jirani aliyekwenda kusoma akarudi.

"Wanasema mwakani hii nayo wanaifunga," alisema, akiionyesha shule kwa kidevu. "Watoto watafundishwa kwa kioo, kila mmoja jikoni kwao. Mimi sijui nitakwenda wapi. Lakini mpaka hapo, sanduku lako tutalitumia vizuri."

"Kaa nalo, Kimball."

"Wiki mbili zinatosha."

"Hakuna haraka. Kaa nalo mpaka mmalize."

"Katika wiki mbili tutakuwa tumemaliza, Bi Noreen."

Noreen alikizungusha kikombe mkononi. Kusema waziwazi hakuweza. Kumwambia mwalimu mwenye leseni ya serikali, ficha mali ya serikali, ni kumtia kitanzi shingoni. Ilibidi aelewe mwenyewe. "Unajua vitu vinavyoazimwa," alisema. "Mtu huazima bakuli kwa jirani. Jirani anahama. Bakuli linabaki. Hakuna anayemlaumu mtu."

"Si kwetu," alicheka Kimball. "Mama yangu bakuli la mtu alilirudisha hata kama mwenyewe yuko kaburini, alimpelekea mjukuu. Na lina kitu ndani."

"Kituo kinafungwa, Kimball. Labda hata hapatakuwa na mtu wa kulipokea."

"Nimesikia, na roho imeniuma." Alimwekea mkono begani. "Ndiyo maana sitakuangusha. Unakumbuka kile kichwa cha mshale?"

Noreen alikumbuka.

"Nilikuwa na miaka tisa. Jiwe jeusi la kioo, limechongwa vizuri ajabu. Nikalitia kwenye soksi. Ukaniona nachechemea. Hukunigombeza, hukumwambia mwalimu. Ulinishika mkono, tukarudi mguu kwa mguu mpaka pale nilipoliokota, jua kali, na njia nzima nalia. Nikaliweka chini. Ukaniambia, Kimball, ni lako, ndiyo maana huwezi kwenda nalo." Alipangusa jicho, akacheka mwenyewe kwa haya. "Ualimu wangu ulianzia siku ile. Nakwambia kweli."

Noreen alimeza kahawa iliyokwisha kupoa. Maneno ya kumjibu alikuwa nayo, yote yalikuwa mdomoni. Lakini kila neno lingekuwa linamwambia mtu huyu kwamba ile safari ya jua kali ilikuwa bure.

"Hakuna haraka," alisema tena, akapanda gari.

*

Siku zilizofuata alizimaliza kufungafunga. Mafuvu aliyapanga, ramani alizizungusha, na ile meza ya mchanga ambayo watoto waliachia nyayo za wanyama aliimwaga nje. Lori lilikuwa la Ijumaa ya wiki ya pili. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Duane, aliyekuwa akichungulia barabara kila baada ya muda, alianza kupiga mluzi.

"Amekuelewa," alisema. "Nilijua. Yule ana masikio makubwa."

Jioni ile Noreen alinunua mkate wa Kibaski, ule mviringo unaookwa ndani ya sufuria ya chuma. Akauchora msalaba kwa kisu chini yake kama alivyofanya baba yake, akakata kipande cha kwanza, ambacho kwa desturi ya wachunga kondoo ni cha mbwa, akakitupa nje, ingawa hakuwa na mbwa.

Jumatano adhuhuri gari la Kimball Ostler liliingia uwanjani, limepakwa tope mpaka kwenye vioo.

Aliteremka anatabasamu, sanduku kifuani kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. "Barabara imekatika pale kwenye daraja," alisema. "Nikapita mtoni. Nikasema, hata kama ni kuogelea! Bi Noreen hataondoka hapa eti ana sanduku nje."

"Umekuja mbali," alisema Noreen.

"Karatasi ya maelekezo sikuiona, nadhani imebanduka. Lakini mimi naijua, umetufundisha: wiki mbili, na kitu kirudi safi kuliko kilivyotoka." Alilitua mezani, akapiga kifuniko kofi la furaha. "Na vitambaa vilivyokuwa vimechafuka, unakumbuka? Jamu, tope, mavi ya kondoo, ya kweli hayo. Niliona aibu. Basi Bi Darla, anayetupikia shuleni, akavichukua vyote sita kwake. Kavichemsha, kavitia dawa ya kung'arisha, kavipiga pasi. Amenirudishia vimekunjwa vile, nikavilaza humo sikuvigusa. Nusa!"

Harufu ya sabuni ilikuwa imeshajaa chumbani.

Duane, mlangoni, alivua kofia.

Karatasi ile ya kwenye droo ilikuwa na mistari mingi. Wa kwanza ulisema wiki mbili. Wa pili ulisema: Vitambaa vimeandikwa kwa nta. Usifue. Usipige pasi.

"Hebu vifungue uone," alisema Kimball.

"Baadaye," alisema Noreen. "Nisije nikavikunja vibaya. Bi Darla amevikunja vizuri sana."

"Na kuna chupa ya jamu humo, ya matunda ya porini. Bakuli la watu halirudi tupu."

"Mshukuru sana. Mwambie nimefurahi."

Kimball alisimama, mikono haina kazi tena, ghafla kama yule mtoto wa miaka tisa anayengoja kuambiwa. Noreen alimwendea akamkumbatia, mfupi kwa mrefu, paji la uso lake likafika kwenye vifungo vya shati.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyokufundisha."

Kazi yake yote ilikuwa kuwaeleza watu walichokuwa wakikitazama bila kukiona. Huyu alimwacha aende hivyo hivyo, akampungia mkono mpaka vumbi, au tuseme tope, likamficha.

Kisha alikifungua kitambaa cha baba yake. Kilikuwa cheupe. Akakipeleka dirishani, akakiinua kwenye mwanga, na hapo pakaonekana mawingu ya samawati hafifu, yametandazwa na pasi, hayana herufi. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Akafungua cha pili, na cha tatu. Watu sita waliopiga kelele kwa visu kwenye mlima mmoja, na Bi Darla, mwanamke mwema, amewanyamazisha wote kwa sufuria moja ya maji moto.

"Niite nani?" aliuliza Duane. "Kuna watu wanaoweza... kuna mashine, labda."

"Usimwambie."

"Nani?"

"Kimball. Ukimwambia sitakusamehe, Duane. Nakwambia."

"Sasa nimwambie ili iweje," alisema Duane, akaketi juu ya sanduku la mafuvu, akaanza kulia waziwazi, kwa kelele, kama watu wanaotania sana wanavyolia.

*

Ijumaa lilikuja lori na wapakizi wawili, mmoja mzee na mmoja wa makamo, watu wa kukodiwa tu, wala si wa ofisi. Walifanya kazi haraka. Walibeba viti, ramani, mwewe aliyekaushwa, na ubao wa jina la kituo. Mzee aliinua fuvu la paa dume kutoka sanduku la kwanza, pembe zikagongana na mlango.

"Hili litavunjika njiani," alisema. "Mna kitu cha kulifungia?"

Macho yake yalitua mezani, kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa hakijarudishwa sandukuni. Akakishika pembe moja. Kibati chenye namba kikalia kidogo.

"Hiki ni cha nini, mama?"

Noreen aliishika pembe ya pili, bila kujua kwamba ameishika, kwa mikono miwili, kama vile kitambaa kilikuwa bado kimezungushwa mti. Duane alimtazama, akingoja. Mzee naye alingoja.

"Ni kitambaa," alisema Noreen.

"Nifungie, basi?"

"Fungia."

Mzee alilizungushia fuvu mara mbili, akapiga fundo katikati ya pembe, akalipakia. Duane akateremsha bendera, akaikunja. Lori likaondoka, na Noreen akabaki barazani na ile chupa ya jamu mkononi. Kwenye vitu vyote vilivyokuwamo ndani ya sanduku, ni hiyo peke yake iliyokuwa haina namba.